Anachelewa Kuitika

Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu,

Salamu nitaziweka mwishoni nikikumbuka. Kwanza nitoe hili kifuani: jina lako limeanikwa.

Jana saa ya chakula tulikuwa kantini, simu zikaanza kulia meza hadi meza. Yule ninayekaa naye kwenye mkanda wa kufungasha sabuni, tunamwita Mtani kwa sababu ya mdomo wake, akanigeuzia simu yake nione. Orodha. Wafanyakazi wote wa kiwanda, kuanzia meneja mpaka mfagizi wa uwani, kila mtu na mstari wake. Jina, kitambulisho, namba ya simu, mtaa na mlango anaokaa, watoto wangapi, mimba gani iliharibika, nani anameza dawa gani. Mambo niliyomnong'oneza nesi nimevua viatu, yamekaa humo kwa herufi kubwa. Hakuna aliyekula. Mama mmoja wa stoo alikuwa anafunika simu za wenzake kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kama anafunika mtu aliye uchi.

Nikautafuta mstari wangu, yaani wako. Upo. Majina yako yote matatu, shule yako, mwaka uliomaliza kidato cha nne. Mtoto mmoja, wa kike. Ndiye Kibonge wangu, naye yumo chini yako hivyo hivyo, maana nilijifungulia zahanati ya kiwanda na kadi zao zinafuata jina la kazini, mpaka cheti chake cha kuzaliwa kikatoka hivyo. Nilimwambia Mama akueleze, akasema umecheka.

Halafu "mtu wa kuarifiwa likitokea jambo". Nimejiandika mimi mwenyewe, kwa jina langu la kweli, mdogo wake. Siku ile ya fomu karani alikuwa ananiharakisha, na karibu yangu nilikuwa mimi tu. Kwa hiyo nikifa watanipigia mimi.

Mwisho wa mstari msimamizi ametia maoni: "Mtiifu. Mikono myepesi. Anachelewa kuitika akiitwa jina. Huenda masikio yana shida." Mtani alicheka mpaka akaomba maji.

Tangu hapo matapeli hawanipi nafasi. Kwenye laini moja wananiita kwa jina lako. Baada ya nusu saa walewale wanapiga ile laini nyingine, wananipa pole kwamba dada yangu kagongwa na gari. Nimezima zote mbili. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Dereva Miwani, anayepeleka sabuni huko kwenu karibu kila siku, ndiye atakuletea.

Leo wamebandika tangazo getini: "Taarifa zinazodaiwa kuvuja hazijathibitishwa. Wafanyakazi mnaombwa kuwa watulivu." Mtani akasoma kwa sauti, akasema, "Hazijathibitishwa, lakini mke mwenzangu ameshajua naishi mlango wa ngapi."

Nisamehe, dada. Ulinipa cheti chako cha kidato cha nne kwa moyo mweupe. Mama aliponiletea alisema, "Dada yako anasema chukua, wala usihangaike kushukuru." Ndiyo maana sikuandika, nikawa natuma miche ya sabuni tu kupitia kwake. Sasa wema wako umekuponza.

Salamu kwa shemeji. Kibonge ameota jino la kumi na mbili.

Mdogo wako,
Mama Kibonge


Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu,

Najua hatujaandikiana tangu harusi yangu. Maneno niliyokuambia siku ile kuhusu shule uliyoiacha bado yananikaa kooni. Lakini leo sina mwingine wa kumkimbilia. Nimeibiwa.

Jana shemeji yako alirudi kutoka kwenye pampu za maji, hakuvua hata koti. Akaniwekea simu mezani, akaniambia nisome. Kulikuwa na orodha ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni huko kwenu mjini. Kiwanda hicho sijawahi kuona hata ukuta wake. Jina langu limo, majina yote matatu. Shule yangu imo. Na mtoto yumo, wa kike, mwaka na nusu.

Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Nani?"

"Mwanao."

Unajua tumekaa miaka sita. Unajua zahanati nilizozunguka na maswali niliyoulizwa na watoto wa juzi waliovaa koti jeupe. Nikamwambia ni mwizi huyo, ametumia jina langu. Akasema, "Mwizi anaiba kitu ulichonacho. Huyu kakuibia mtoto gani?" Kisha akakunja godoro dogo akaenda kulala chumba cha pampu.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mwizi huyu anatujua. Hata wewe kakuandika humo, kwa jina lako kamili, eti mtu wa kuarifiwa. Uwe macho. Usimfungulie mtu mlango hovyo, na Kibonge usimwache na usiyemjua.

Mama aliniambia unashona kola kwa fundi karibu na soko. Mwombe akupe nusu siku, uende kwenye hicho kiwanda. Mtafute huyo mwanamke. Mwangalie usoni vizuri, kisha uniandikie anafananaje. Barua ya polisi nimeshaiandika, ipo mezani. Nikipata yako tu naipeleka.

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada,

Nimekwenda. Sikuomba nusu siku kwa sababu nipo humo humo.

Nimemwangalia usoni kama ulivyosema, kwenye kioo cha choo cha wanawake, kile chenye ufa. Paji la uso ni lako. Pua ni ya marehemu Baba. Vidole vimechubuka kwa magadi. Anaitwa kwa jina lako tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka, na kila akiitwa anakutafuta wewe kwanza, ndipo anakumbuka kuitika.

Ni mimi. Sijawahi kushona kola hata moja.

Barua zetu zimepishana njiani, na naamini sasa ya kwangu imekufikia. Yako nimeisoma nimekaa juu ya boksi la sabuni, nikashindwa kusimama. Mtani akadhani ni njaa, akaninunulia andazi. Miaka miwili, dada. Miaka miwili nilikuwa najiambia, hata kama alinisema vibaya siku ya harusi, dada yangu amenipa jina lake nile nalo. Kila nikichoka najiambia hivyo. Kumbe nilikuwa nimekuvaa bila wewe kujua.

Hebu niambie, sabuni ulikuwa unazipata?

Sikuandika kukuomba usiende polisi. Ukiona ni haki, nenda, mimi nipo, anwani yangu dunia nzima inayo sasa. Nakuomba kitu kimoja tu. Mtani anasema kwenye sheria mama wa mtoto ni yule aliyeandikwa kwenye cheti. Nilimwambia ananitania. Hakucheka, na yeye kila kitu anacheka. Tangu hapo nikimnyonyesha Kibonge namshika kama kitu nilichoazima.

Usimruhusu mtu amchukue kwa karatasi. Mwambie shemeji ukweli wote, mwonyeshe hata barua hii. Unitukane, lakini usinyamaze.

Mdogo wako


Jumapili, 16 Machi

Wanangu wote wawili,

Anayeandika ni fundi saa wa hapa jirani. Mimi nasema, yeye anaandika, nakala mbili zinazofanana, na nimemkataza kupunguza neno.

Nasikia mmeanza kuandikiana moja kwa moja. Ni vizuri, ila mngeniambia.

Cheti nilikitoa mimi kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka. Wewe mkubwa ulikiacha siku unaolewa, ukasema karatasi hii haijanifaa kitu. Nilikusikia kwa masikio yangu. Wewe mdogo ulikuwa na mimba, baba wa mtoto kaondoka na begi lake, na kiwanda kinataka kidato cha nne ili mtu akunje karatasi kwenye sabuni. Nikatazama, karatasi moja imelala bure na mwanangu hana pa kulala. Ningewauliza, mmoja angekataa kwa hasira na mwingine angekataa kwa aibu. Nawajua, nimewazaa.

Kwa mkubwa nilisema sabuni zinatoka kwa wateja wa fundi cherehani. Kwa mdogo nilisema dada yako amecheka. Mbona nimefanya hivyo tangu mkiwa wadogo? Mkigombana nakwenda kwa huyu nasema, "Mwenzako anasema samahani," nakwenda kwa yule nasema hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa amesema. Na jioni mnakula sahani moja. Nani alilalamika?

Lakini la mtoto kuandikwa kwa jina la dada ya mama yake sikulipima. Niliona ni kadi tu ya chanjo. Nilipoambiwa mkwe wangu amehama chumba, chai ilinishinda.

Fundi saa anasema nikiri kosa. Nakiri. Aandike pia kwamba kile cheti ningekitoa tena.

Mama yenu

(Nimemshauri aiondoe sentensi ya mwisho. Amekataa. Fundi saa.)


Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu,

Sabuni nilizipata. Nimekasirika mpaka nikafua nguo zilizo safi, na nilizifulia sabuni zako. Hapo katikati nikakumbuka zilikotoka nikazidi kukasirika, lakini povu lilikuwa zuri.

Nina mengi ya kukulaumu na nitakulaumu tukionana, kwa utulivu, nimekaa. Leo nataka kusema moja ambalo sijamwambia mtu.

Shemeji yako aliponiuliza, "Yuko wapi?", kabla sijasema ni mwizi, kulikuwa na pumzi moja hapo katikati. Katika pumzi hiyo niligeuka nikaangalia mlango. Niliangalia chini, pale anapofika mtoto wa mwaka na nusu. Nilimtafuta, mdogo wangu. Orodha imesema ninaye, na mwili wangu ukaamini kabla ya kichwa.

Na kuna lingine. Barua yako ya kwanza ilifika Jumapili. Nikaisoma, nikaielewa, nikaificha chini ya sufuria kubwa kwa siku tatu. Mume wangu analala juu ya godoro lenye upana wa mkono mmoja, mimi nina karatasi ya kumrudisha nyumbani, na nimenyamaza. Nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namvisha Kibonge gauni kichwani mwangu. Nilijiambia kwenye cheti ni wangu. Mtu aje abishe. Siku ya nne ikaja ile barua yako ya kioo, umeandika "usinyamaze", nikaona aibu hadi kwenye nyayo. Nakuambia kwa sababu tumefichwa vya kutosha na Mama, hatuhitaji kuendeleza.

Nilimpelekea shemeji yako barua zote mbili kwenye pampu. Alizisoma amesimama, akazisoma tena amekaa. Jioni nikamwona anapanda na godoro begani. Nikamuuliza kulikoni, akasema pampu zina kelele. Alipomaliza kula akasema, "Shemeji yangu kajiandika mwenyewe wa kuarifiwa kuhusu kifo chake." Akacheka mpaka akatokwa na machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nadhani naye aliangalia mlango siku ile.

Barua ya polisi nimewashia jiko. Lakini sitaki kubaki kwenye cheti hicho hata wiki moja zaidi, kwa sababu nimeona ninavyoweza kuwa. Nenda ukaseme. Kazi itapotea, najua, na najua inalisha nani. Njoo kwetu ikibidi, chumba kipo. Mtoto awe wako mchana kweupe, kila mtu anaona.

Dada yako


Ijumaa, 28 Machi

Dada,

Nimesema.

Kiwanda kilitangaza uhakiki, kila mtu aje na vyeti halisi. Wanasema hauhusiani na taarifa zinazodaiwa kuvuja. Foleni ilizunguka stoo mara mbili. Nikaona getini kuna watu wengine nisiowajua, mashangazi, binamu, mwalimu mmoja mwenye chaki bado vidoleni, wote wamekunja uso. Mtani akaninong'oneza, "Unawaona hao? Ndio wenye majina." Kumbe mkanda mzima tulikuwa tunafungasha sabuni kwa majina ya kuazima, kila mmoja akidhani ni peke yake. Mtani mwenyewe anatumia jina la wifi yake. Miaka miwili nakaa naye, nilikuwa sijui jina lake.

Nilimbeba Kibonge mgongoni. Nilipoingia ofisi ya utumishi, mama aliyekaa mezani hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Mama, jina mlilonalo si langu, ni la dada yangu, hakujua. Mtoto ni wangu. Naomba mnirudishie."

Akauliza, "Umejuaje tumeandika nini?"

"Nimeona kwenye orodha."

"Orodha ipi? Kampuni haiitambui orodha yoyote."

Nikasema, "Basi na huyu mliyemwandika humo hamumtambui?" Nikamgeuzia mgongo amwone. Kibonge akampokonya kalamu.

Hapo ndipo aliinua kichwa. Dada, yule mama alikuwa amechoka kuliko mimi. Akavua miwani akasema polepole kwamba hata yeye yumo, na ugonjwa wake umo, na mwanawe wa sekondari aliusoma kwenye simu ya rafiki yake. Hatukuongea tena la orodha kama ipo au haipo.

Akamwita nesi wa zahanati athibitishe. Nesi kunitazama tu akasema, "Huyu namkumbuka. Kila nikimwita jina nikimwambia sukuma, ananijibu, 'Dada hayupo.' Nikadhani ni uchungu umempanda kichwani." Akatia saini kwamba alinizalisha mimi kwa macho yake.

Kazi ya mkanda imekwisha. Jina lako wamelifuta, nimeangalia likifutwa. Yule mama akafungua droo akatoa fomu nyingine. Wanatafuta watu wa kuosha mapipa uwani, huko hawaulizi kidato. Ni kazi ya maji baridi na msimamizi wake anapiga mluzi badala ya kuita watu. Nimeikubali. Nikajaza fomu mwenyewe, herufi moja moja, jina langu lote. Alipoliita kutoka ukurasani aone kama limesomeka, nilishaitika kabla hajalimaliza.

Sasa limebaki la cheti. Karatasi niliyoambatanisha ni ya kiapo. Inataka wewe useme mbele ya hakimu kwamba hukumzaa, wewe siye mama yake, kisha utie saini. Nimeisoma mara nyingi na kila mara naona ni karatasi katili. Kama ningeweza kukutilia saini ningekutilia, lakini hapo ndipo tulipoanzia. Ukichelewa sitakuuliza kwa nini.

Na kuna lingine dogo. Nesi amempa Kibonge kadi mpya. Ina jina langu, mama. Chini yake kuna mstari: "Mtu wa kuitwa mama asipopatikana." Sijajaza. Nilitaka kukuandika, kalamu ikagusa karatasi, nikasimama. Safari hii sijamtuma Mama. Nakuuliza mwenyewe. Nikuandike?

Mdogo wako


Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Kiapo hiki hapa. Shemeji yako alinisindikiza, akanishikia mkoba. Hakimu alisoma kwa sauti kwamba sikumzaa mtoto huyu na mimi siye mama yake, akaniuliza kama ni kweli. Nilichelewa kuitika. Akarudia swali, nikaitika, nikatia saini.

Nilitafuta kwenye ile karatasi mahali pa kuandika mimi ni nani wake, basi. Hapakuwepo.

Kwenye kadi yako papo. Niandike. Na wakikuuliza uhusiano, usiandike dada, huko ni kwako wewe. Andika mama mkubwa.

Dada yako